Maisha ya Charles Martin Hall, mtu wa alumini

Sisi wa fakulte ya lugha tunaulizwa kila mwaka, nyumbani na hata hapa chuoni: katika nchi ya migodi na viwanda, mtu aliyesoma fasihi atafaa kwa kazi gani? Wenzetu wa Politekniki hawaulizwi hivyo. Watu wameshaamini kwamba kiwanda ni cha mhandisi, na kwamba mtu wa vitabu mahali pake ni ubaoni. Badala ya kubishana nao, nimeona heri nisimulie maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake iko jikoni mwa kila nyumba ya Lubumbashi. Huyo ni Charles Martin Hall, Mmarekani aliyeifanya alumini iwe metali ya watu wote. Shahada aliyopewa ilikuwa ya sanaa, si ya uhandisi.

Hall alizaliwa tarehe 6 Desemba 1863 huko Thompson, katika jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mchungaji aliyewahi kuwa mmisionari Jamaika. Mwaka 1873 familia ilihamia Oberlin, mji mdogo ambao umaarufu wake wote ulitokana na chuo chake. Chuo hicho kilianza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1835, wakati ambapo watumwa walikuwa bado wanauzwa sokoni kusini mwa Marekani, na mwaka 1841 kiliwapa wanawake shahada ileile waliyopewa wanaume. Nyumbani mwa mchungaji fedha hazikuwa nyingi, lakini vitabu vilikuwepo. Mtoto Charles alikuta kitabu cha zamani cha kemia cha baba yake, akakisoma kabla hajafundishwa somo hilo na mtu yeyote.

Mwaka 1880 aliingia chuoni Oberlin. Masomo ya wakati ule tusiyafikirie kama masomo ya shule ya ufundi. Mwanafunzi alisoma Kilatini na Kigiriki, hesabu, falsafa na maadili, na sayansi ilikuwa sehemu ya mkusanyiko huo. Hall alipenda pia piano, akaipiga maisha yake yote. Kemia ilifundishwa na Profesa Frank Fanning Jewett, mtu aliyetembea: alikuwa amesoma Göttingen, Ujerumani, na kufundisha Tokyo, Japani. Huko Göttingen aliishi Friedrich Wöhler, mmoja wa watu wa kwanza kupata alumini safi, na Jewett alirudi na kipande cha metali hiyo. Darasani aliwaonyesha wanafunzi wake, akawaeleza kwamba atakayepata njia rahisi ya kuitoa atawafaidi wanadamu, na yeye mwenyewe atatajirika.

Hapo ndipo naona faida ya kwanza ya elimu ile. Hall hakufundishwa jinsi ya kuendesha tanuri. Alifundishwa swali pamoja na historia yake: nani alijaribu, kwa njia gani, akakwama wapi. Alumini ni metali iliyo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia, karibu sehemu 8 katika 100, lakini imeshikana na oksijeni kwa nguvu sana. Tangu 1854 Mfaransa Sainte-Claire Deville aliitoa kwa kutumia sodiamu, nayo sodiamu yenyewe ilikuwa ghali. Ndiyo maana mwaka 1884, Wamarekani walipotaka kupamba kilele cha mnara wa Washington, waliweka piramidi ndogo ya alumini yenye uzito wa kasoro kidogo kilo 3, na watu waliistaajabia kama kito.

Hall alihitimu mwaka 1885. Aliendelea na majaribio yake katika banda la kuni nyuma ya nyumba yao. Betri alizitengeneza mwenyewe, na vifaa vingine aliazimwa na Jewett. Aliyekuwa karibu naye zaidi ni dada yake mkubwa, Julia, ambaye naye alikuwa amesoma kemia katika chuo hichohicho. Mama yao alifariki mwaka huo, mzigo wa nyumba ukamwangukia Julia. Hata hivyo alifuatilia majaribio, akayajadili na ndugu yake, na kuyakumbuka kwa tarehe.

Msomaji anayeijua Likasi anajua kwamba shaba yetu husafishwa kwa umeme: huko Shituru kazi hiyo ilianza mwaka 1929. Shaba hukubali kutoka katika maji yenye asidi. Alumini haikubali. Ukiiyeyusha chumvi yake katika maji na kupitisha umeme, utapata hidrojeni, metali hutaiona. Kwa hiyo Hall alihitaji kimiminiko kisicho na maji, chenye uwezo wa kuyeyusha alumina, ule unga mweupe wa alumini na oksijeni, ambao peke yake hauyeyuki mpaka joto lizidi nyuzi 2000. Alijaribu chumvi mbalimbali zikamshinda. Mwezi wa Februari 1886 alijaribu kriolaiti, jiwe lililokuwa likichimbwa Greenland. Kriolaiti iliyoyeyuka ilimeza alumina kama maji yanavyomeza sukari, kwenye joto la karibu nyuzi 1000 tu.

Alipopitisha umeme mara ya kwanza hakupata kitu cha maana. Alifikiri, akakisia kwamba chungu chake cha udongo ndicho kinachoharibu kazi, maana udongo una silika inayoyeyuka na kuingia ndani ya mchanganyiko. Akakifunika chungu kwa ndani kwa kaboni. Tarehe 23 Februari 1886 alikuta chini ya chungu vipande vidogo vya rangi ya fedha, akavichukua mkononi mpaka kwa Jewett. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Faida ya pili ya elimu yake ilionekana mbele ya sheria. Mwaka huohuo kijana Mfaransa, Paul Héroult, aliyezaliwa mwaka mmoja na Hall, aligundua njia ileile bila wao kujuana, na aliomba hataza huko Ufaransa mwezi wa Aprili. Hall aliomba yake Marekani mwezi wa Julai. Kwa hiyo ilimbidi athibitishe siku hasa aliyofaulu. Kilichomwokoa ni maandishi: barua alizomwandikia kaka yake George, zenye tarehe na maelezo yaliyo wazi, pamoja na ushahidi wa Jewett na wa Julia, ambaye aliandika historia ya ugunduzi hatua kwa hatua. Hataza ilitolewa tarehe 2 Aprili 1889. Sisi tunaofundishwa kuandika maelezo sahihi tukilalamika kwamba ni kazi ya bure, na tulitafakari jambo hili: kampuni nzima ilisimama juu ya barua za nyumbani. Na haki inatudai tuseme kwamba mwanamke aliyeandika historia hiyo hakupewa cheo chochote katika kampuni. Dada na kaka wote walisoma kemia katika chuo kimoja, lakini mlango wa kiwanda ulifunguliwa kwa mmoja tu.

Bado ugunduzi si kiwanda. Hall alifanya kazi mwaka mmoja kwa kampuni moja huko Lockport, jimbo la New York, nayo haikutaka kuendelea na njia yake. Mwaka 1888 alikwenda Pittsburgh, mji wa chuma, akakutana na Alfred Hunt, mtaalamu wa metali. Hunt na wenzake walichanga dola 20,000, wakaanzisha Pittsburgh Reduction Company. Nataja hili makusudi, ili mtu asije akadhani kwamba Kilatini peke yake hujenga tanuri. Bila ujuzi wa Hunt na fedha za wenzake, vile vipande vya rangi ya fedha vingebaki ndani ya kisanduku. Elimu ya Hall ilimwezesha kukaa meza moja na watu hao: kuwaeleza jambo wasilolijua, na kujifunza kwao jambo asilolijua yeye.

Mtu wa kwanza kuletwa amsaidie alikuwa Arthur Vining Davis, mwana wa mchungaji pia, aliyekuwa amehitimu mwaka uleule katika chuo cha Amherst, chuo cha elimu ya jumla kama Oberlin. Vijana hao wawili walipokezana zamu za saa 12 wakilinda tanuri. Wakati wa sikukuu ya Shukrani, Novemba 1888, metali ya kwanza ya kiwanda ilimiminwa. Baadaye Hall akawa makamu wa rais wa kampuni, na Davis akawa rais wake mwaka 1910.

Tatizo lililofuata halikuwa la kemia. Metali ipo, bei inashuka, kutoka dola 12 hivi kwa pauni moja hadi chini ya dola 1 katika miaka ya 1890, lakini wanunuzi wako wapi? Wafua vyuma hawakuijua, nao hawakutaka kuacha walichozoea. Ikabidi kampuni yenyewe ionyeshe matumizi. Ilitengeneza sufuria na birika, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilituma wanafunzi wa vyuo nyumba kwa nyumba wakaziuze. Kuuza kitu kipya ni kukipa maneno kwanza, na kazi hiyo ilifanywa na vijana wenye ulimi.

Mwaka 1895 kiwanda kilifuata maji huko Niagara, kwa sababu alumini hula umeme mwingi mno: hata leo kilo moja huhitaji karibu kilowati-saa 14. Nikifika hapa siwezi kuacha kufikiria Inga. Maporomoko yetu yana nguvu kuliko Niagara, mabwawa mawili yalizinduliwa mwaka 1972 na 1982, na wapangaji wamezungumzia kiwanda cha alumini kando yake tangu zamani za ukoloni. Mpaka sasa hakijajengwa. Sababu ni nyingi, za fedha na za siasa. Lakini maisha ya Hall yanaonyesha kwamba maji na madini hayajiungi yenyewe. Huunganishwa na watu wanaoelewana ingawa walisoma mambo tofauti.

Nisimfanye malaika. Kampuni, iliyoitwa Aluminum Company of America kuanzia 1907, ilitawala soko lake peke yake kwa miaka mingi, na mwaka 1912 serikali ya Marekani iliilazimisha kuacha baadhi ya mikataba iliyozuia ushindani. Utajiri wa Hall ulitokana na ukiritimba huo pia. Maadili aliyofundishwa Oberlin hayakuuzuia.

Hall hakuoa. Alifariki tarehe 27 Desemba 1914 huko Daytona, Florida, miezi michache baada ya Héroult. Wasia wake uligawa mali kwa elimu: theluthi moja kwa Oberlin, theluthi moja kwa shule za nje, hasa Asia, na sehemu iliyobaki kwa chuo cha Berea na kwa chama cha wamisionari kilichosomesha watu weusi kusini mwa Marekani. Hakuagiza fedha hizo zifundishe alumini peke yake. Oberlin ilijenga kwazo hata ukumbi wa muziki na mikutano, unaoitwa kwa jina la mama yake.

Kwa hiyo wandugu, yule anayetuuliza tutafaa kwa kazi gani tusimjibu kwa hasira. Tumwombe mkuu wa fakulte atufungulie saa mbili za kemia kwa juma, na wenzetu wa Politekniki waje kwetu saa mbili za kuandika. Ukuta kati ya majengo yetu mawili hauna urefu wa kututisha.