Bwana Koch na Buibui wa Kaharabu

Mwaka juzi nilikabidhiwa daftari la mvua la shule yetu, lililoanzishwa na wanafunzi waliokwisha kuondoka zamani. Nilinung'unika sana. Kwa nini nisumbuke kila asubuhi kwa kazi ya watu wengine? Baadaye nikasoma habari za Carl Ludwig Koch, nikaona haya.

Koch alizaliwa mwaka 1778 katika mji wa Kusel, Ujerumani. Kazi ya mshahara wake ilikuwa kukagua misitu na maji. Kazi ya moyo wake ilikuwa buibui. Mwaka 1831 mtaalamu mwingine, Carl Wilhelm Hahn, alianza kutoa kitabu kikubwa cha buibui chenye picha, lakini akafa mwaka 1835. Koch akaishika kazi ile, akaimaliza mwaka 1848 katika majuzuu 16. Umri wake ulikuwa umefika miaka sabini hivi.

Hata hapo hakupumzika. Daktari Georg Karl Berendt wa Danzig alikuwa amekusanya kaharabu ya pwani ya Baltiki, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe. Ndani yake walikuwamo buibui walionaswa zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Berendt naye alikufa, mwaka 1850. Kitabu chao kilichapishwa mwaka 1854, na humo ilikuwamo jenasi mpya iitwayo Archaea: buibui mwenye kichwa kilichoinuka kama juu ya shingo, na taya ndefu ajabu. Wataalamu hawakuwa wamepata kumwona hai buibui wa namna ile.

Koch alifariki mwaka 1857. Mwaka 1881 kasisi Mwingereza, Octavius Pickard-Cambridge, alieleza buibui aliyetoka Bukini, yaani Madagaska. Kumbe jamaa za yule wa kaharabu walikuwa hai, ng'ambo ya pwani yetu ya Afrika, wakiwinda buibui wenzao kwa taya zile zile ndefu! Koch hakupata kujua.

Basi, Hahn na Berendt waliacha kazi, Koch akaipokea. Naye aliacha yake, wengine wakaipokea.

Mwaka huu namaliza masomo, na daftari la mvua namwachia mwenzangu. Atakuta siku tatu tupu, za wiki ile ya manung'uniko yangu. Nimeziacha hivyo hivyo, maana mvua iliyokwisha kunyesha haipimiki tena.