Hans Ussing, Mdenmarki aliyefumbua fumbo la chumvi katika ngozi ya chura

Kila kipindupindu kinapozuka katika nchi za ukanda wa Maziwa Makuu, wahudumu wa afya hugawa pakiti za ORS, mchanganyiko wa chumvi na sukari unaokorogwa katika maji safi na kunyweshwa mgonjwa. Dawa hiyo ni ya bei nafuu na haihitaji sindano. Hata hivyo, sababu ya kufaa kwake haikueleweka mpaka wanasayansi walipojua namna chumvi inavyopita katika utando wa seli hai. Miongoni mwa waliofungua njia hiyo ni Hans Henriksen Ussing, mwanafiziolojia wa Denmark ambaye chombo chake kikuu cha utafiti kilikuwa kipande cha ngozi ya chura.

Ussing alizaliwa tarehe 30 Desemba 1911 katika mji wa Sorø. Akiwa kijana alisafiri hadi Greenland ya Mashariki pamoja na msafara wa mwanajiolojia Lauge Koch, akachunguza viumbe wadogo wanaoelea katika maji ya bahari ile yenye barafu. Utafiti huo ndio uliompatia shahada ya udaktari mwaka 1938. Alijiunga pia na maabara ya August Krogh mjini Copenhagen, mwanasayansi aliyekuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1920.

Krogh alikuwa ameona jambo la kustaajabisha. Chura aliyepungukiwa na chumvi aliweza kuivuta kutoka katika maji yaliyokuwa karibu hayana chumvi, akaipitisha kwenye ngozi hadi ndani ya mwili, ambamo tayari ilikuwa nyingi zaidi. Ilikuwa kana kwamba maji yanapanda mlima. Aidha, tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba ngozi ya chura ina umeme, lakini chanzo cha umeme huo kilikuwa bado kinabishaniwa. Je, chumvi ilisukumwa na nguvu za nje, au seli zenyewe zilifanya kazi ya kuihamisha?

Mwaka 1951, Ussing na mwenzake Karl Zerahn walitoa jibu. Walitandaza kipande cha ngozi kama ukuta katikati ya vyumba viwili vidogo, wakajaza pande zote mbili maji ya chumvi yaliyo sawasawa. Kisha, kwa kutumia umeme wa nje, waliifuta tofauti ya volti baina ya pande hizo. Kwa hiyo, hapakubaki nguvu yoyote ya nje ya kuisukuma chumvi upande huu wala ule. Pamoja na hayo, mkondo wa umeme uliendelea kupita. Walipoifuatilia sodiamu kwa kutumia isotopu zake zenye mnururisho, waligundua kwamba mkondo huo ulilingana na sodiamu iliyokuwa ikiingia ndani. Hivyo ilithibitika kwamba seli hai ndizo zilizoihamisha, kwa kutumia nishati yao wenyewe.

Miaka saba baadaye, mwaka 1958, Ussing na Valborg Koefoed-Johnsen walieleza jinsi kazi hiyo inavyogawanywa. Seli za epithelia, yaani zile zilizopangana kama vigae na kufunika ngozi, utumbo na mirija ya figo, zina nyuso mbili zisizofanana. Uso wa nje una vijia vinavyoiruhusu sodiamu kuingia yenyewe, kwa kuwa ndani ya seli ni chache. Uso wa ndani una pampu inayoitoa sodiamu hiyo kuelekea mwilini na kuingiza potasiamu badala yake. Pampu isiposimama, mlango wa nje hauishi kupitisha chumvi, nayo maji huifuata.

Pampu yenyewe ilikuwa imetambuliwa mwaka 1957 na Mdenmarki mwingine, Jens Christian Skou wa Aarhus, ambaye alitunukiwa Nobel mwaka 1997. Ussing hakuipata tuzo hiyo. Kwa upande wake, kijia cha sodiamu ambacho Ussing alikieleza bila kukiona kilikuja kutambuliwa kijenetiki katika miaka ya 1990. Leo wanasayansi wanafahamu kwamba hitilafu za kurithi katika kijia hicho huweza kupandisha au kushusha shinikizo la damu.

Mafanikio yaliyogusa watu wengi zaidi yalitokea katika utumbo. Katika miaka ya 1960, watafiti waliokitumia chombo cha Ussing walionyesha kwamba sukari huongeza sodiamu inayofyonzwa na seli za utumbo, kwa maana mbili hizo hupita pamoja katika mlango mmoja. Sumu ya kipindupindu hufungua vijia vya kloridi, chumvi ikamwagika ndani ya utumbo na maji yakaifuata, lakini mlango wa sukari na sodiamu huuacha ukiwa mzima. Ndiyo maana mgonjwa anayeharisha bado anaweza kuokolewa kwa kinywaji. Mwaka 1968, madaktari mjini Dhaka walithibitisha hivyo kwa wagonjwa wa kipindupindu, na mwaka 1971 kinywaji hicho kilinusuru maisha ya wengi katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh nchini India.

Ussing alifariki dunia tarehe 22 Desemba 2000, siku nane kabla ya kutimiza miaka 89. Hakuwa akitafuta dawa ya kuhara. Alitaka tu kujua ni nani anayefanya kazi katika ngozi ya chura. Chombo chake cha vyumba viwili, ambacho hadi leo huitwa kwa jina lake, kingali kinatumika katika maabara duniani kupima mapafu, figo na utumbo. Naye mzazi anayemnywesha mwanawe ORS, kijiko baada ya kijiko, anautegemea mlango uleule wa sukari na sodiamu.