John von Neumann, mtaalamu wa hesabu aliyepima karata za wastani

Mchezaji mwenye karata nzuri hana shida: anaongeza dau. Mwenye karata mbovu kabisa naye huziweka chini, akasubiri mchezo mwingine. Anayetokwa jasho ni yule wa katikati, mwenye karata ambazo si za kujivunia wala si za kutupa. Alipe ili aone karata za mwenzake, au ajitoe?

Leo tunamwangalia mtu aliyelichukulia swali hilo kuwa kazi ya hesabu. Hatuandiki ili kumfundisha msikilizaji wetu kucheza kamari. Tunaandika kwa sababu hesabu yake ilitoka kwenye meza ya karata ikaingia katika biashara, siasa na vita.

John von Neumann alizaliwa Budapest, Hungary, tarehe 28 Desemba 1903, katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi benki. Nyumbani aliitwa János. Tangu utotoni alisifika kwa kupiga hesabu ngumu kichwani.

Baba yake hakuamini kwamba hesabu zingempatia kijana riziki. Alimtaka asome kemia. János hakugombana naye, na hesabu pia hakuziacha. Alisoma kemia Berlin na kisha Zürich, huku akiwa amejiandikisha kusoma hesabu Budapest, ambako alirudi kufanya mitihani. Mwaka 1926 alihitimu yote mawili, akiwa bado hajatimiza miaka 23.

Desemba mwaka huohuo, mbele ya wataalamu wa hesabu katika mji wa Göttingen, Ujerumani, alieleza wazo lake kuhusu michezo. Lilichapishwa mwaka 1928. Tulieleze kwa mfano wa karibu. Kwenye bao, kete zote ziko wazi, na anayeona mbali zaidi ndiye hushinda. Lakini kwenye mchezo wa karata uitwao poka, kila mmoja amezificha karata zake. Hapo kuona mbali peke yake hakutoshi. Unapaswa kujiuliza mwenzako anadhani umeshika nini, naye anajiuliza hivyohivyo juu yako.

Von Neumann alihamia Marekani, akaanza kufundisha Princeton mwaka 1930. Mwaka 1933 Hitler alipotwaa madaraka Ujerumani, wasomi wa Kiyahudi walianza kufukuzwa vyuoni, naye alikata uhusiano na vyuo vya huko. Mwaka 1937 akawa raia wa Marekani. Mwaka 1944, pamoja na mchumi Oskar Morgenstern, alitoa kitabu kikubwa kuhusu nadharia ya michezo na uchumi. Ndani yake mna sehemu nzima juu ya poka.

Ili kuipiga hesabu, poka ya kweli hupunguzwa mpaka ibaki mifupa. Chukua mfano wa aina hiyo. Wachezaji wawili wanaweka shilingi 100 kila mmoja. Kila mmoja anapata kwa siri namba kati ya 1 na 100, na kubwa ndiyo hushinda. Wa kwanza anaweza kutulia, namba zikafunuliwa, au kuongeza shilingi 100 nyingine. Kiasi hicho hakizidi, maana dau lina kikomo. Akiongeza, wa pili ana njia mbili tu: kulipa 100 ili aone, au kujitoa na kuziacha 200 zilizoko mezani.

Hesabu inatoa jibu la kushangaza. Wa kwanza aongeze akiwa na namba ya juu ya 70 hivi. Aongeze pia akiwa na namba mbovu kabisa, chini ya 10. Akiwa na namba ya katikati, atulie.

Kwa nini mwenye 55 atulie, na mwenye 5 apige mkwara? Mwenye 55 akiongeza, wenye namba dhaifu sana watakimbia, na hao angewashinda hata bila kuongeza. Wengi watakaobaki ni waliomzidi, kwa hiyo anawaongezea fedha wanaomshinda. Mwenye 5 hana cha kupata kwa kutulia. Tumaini lake pekee ni mwenzake akimbie. Tena mkwara huo una faida nyingine: kwa kuwa unajulikana kwamba hutokea, siku anapoongeza akiwa na namba kubwa, wapo watakaomlipa.

Sasa geuka uwe wa pili. Umeshika 55, mwenzako ameongeza. Unajua kwamba kama ana namba nzuri, umekwisha. Unamshinda tu ikiwa anapiga mkwara. Kati ya mara 4 anazoongeza, 3 ana namba nzuri na 1 ni mkwara. Ukilipa mara zote 4, utapoteza 100 mara tatu, na mara moja utavuna 300. Unatoka sare. Basi kwa nini ulipe? Kwa sababu ukizoea kujitoa kila unapotishwa, mwenzako atagundua, naye atakutisha kila siku. Jibu la hesabu ni kulipa ukiwa na namba ya juu ya 40 hivi. Mara nyingi utashindwa na utaona umekosea, lakini hiyo ndiyo bei ya kutoonewa.

Von Neumann mwenyewe alipenda kucheza poka, ingawa waliomjua hawakumsifu kuwa mchezaji hodari. Kujua hesabu ni jambo moja. Kukaa mbele ya mtu anayekutazama machoni ni jingine.

Maisha yake hayakuishia kwenye karata. Mwaka 1945 aliandika maelezo ya jinsi ya kuunda kompyuta inayohifadhi maagizo yake ndani ya kumbukumbu yake yenyewe. Simu uliyoishika sasa hivi bado inafuata wazo hilo. Lakini miaka ileile alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliosaidia kutengeneza bomu la atomiki, na alikaa katika kamati iliyojadili miji ya Japani itakayopigwa.

Baada ya vita, Marekani na Urusi ya Kisovyeti zilitishana kwa silaha hizo. Von Neumann alikuwa upande wa wenye msimamo mkali dhidi ya Warusi, na mwaka 1955 aliingia katika tume ya Marekani ya nishati ya atomiki. Hapa ndipo tunapoona tofauti inayotisha. Mezani, kulipa ili uone mkwara wa mwenzako kunakugharimu shilingi 100, na kesho mnacheza tena. Hesabu ya mara 4 inafaa kwa sababu kuna mara ya pili, ya tatu na ya nne. Mataifa yakikosea kwa mabomu, hakuna karata zinazogawiwa upya.

Mwaka huohuo wa 1955 aligundulika kuwa na saratani. Katika siku zake za mwisho hospitalini aliomba padri wa Kikatoliki, jambo lililowashangaza baadhi ya rafiki zake. Alifariki Washington tarehe 8 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 53.

Sisi tunabaki na mizani yake. Mkulima anayeamua kuuza mahindi leo au kungoja bei ipande, huku mnunuzi akimwambia hatarudi tena, ameshika karata za wastani. Ajiulize mambo mawili kabla ya kujibu: mara ngapi tishio kama hili huwa la kweli, na je, akikosea leo atabaki na cha kuchezea kesho?