Daktari John Kirk: balozi wa Unguja na maua ya Kilimanjaro

Msikilizaji, ukikaa ufukweni Nungwi jioni, karibu na pale mafundi wanapounda majahazi, utawaona wageni waliobabuka pua kwa jua na baridi. Wengi wao wametoka kupanda Kilimanjaro siku mbili tatu nyuma, wamekuja kwetu kupumzisha miguu. Hutoa simu zao, wakawaonesha vijana picha za maua waliyoyakuta njiani, na swali huwa moja: hili linaitwaje? Leo tunaeleza maisha ya mtu ambaye, zaidi ya miaka 140 iliyopita, maua ya mlima ule yalipitia mikononi mwake hapa hapa Unguja.

John Kirk alizaliwa Uskoti mwezi wa Disemba 1832, mtoto wa kasisi. Alisomea udaktari Edinburgh, akamaliza 1854, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Baada ya kutibu majeruhi wa Vita vya Crimea, mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone kwenda mto Zambezi. Kazi zake zilikuwa mbili: kutibu watu na kukusanya mimea.

Huko ndiko alikopata funzo kubwa. Mwaka 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa, nchi ambayo leo ni Msumbiji, mtumbwi wake ulipinduka. Yeye aliokoka, lakini madaftari na michoro yake ya mimea ilikwenda na maji. Kazi ya miaka ilipotea kwa dakika chache. Anayekusanya mimea huishi na hofu hiyo, kwa sababu ua bila maelezo yake ni jani kavu tu.

Mwaka 1866 Kirk alifika Unguja kuwa daktari wa ubalozi wa Uingereza. Taratibu akapanda cheo, na kuanzia 1873 akawa balozi kamili. Wazee wengi wanamjua kwa jambo moja: mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliomlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa. Sultani hakukubali kwa hiari. Nyuma ya mkataba ule zilikuwepo manowari za Kiingereza. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye Kirk ndiye mshauri ambaye Barghash alimtegemea.

Siasa haikumtoa kwenye mimea. Alikuwa na nyumba na bustani Mbweni, kusini ya mji, na alikuwa akipeleka vielelezo kwenye bustani kubwa ya mimea ya Kew, London. Kielelezo ni tawi lililobanwa katikati ya karatasi hadi likauke, likiwa na jani, ua, na ikiwezekana tunda, pamoja na maandishi ya mahali lilipochumwa. Kwa hali ya hewa ya pwani yetu si kazi nyepesi, maana karatasi huota ukungu upesi.

Kirk mwenyewe hakuwa mpanda Kilimanjaro. Lakini mwaka 1871 mmishonari Charles New, aliyekuwa akiishi Ribe karibu na Mombasa, alipanda kutoka upande wa Uchagani hadi kwenye theluji, akarudi na mimea ya huko juu. Mimea hiyo ilifika Kew kwa kupitia kwa Kirk, na wataalamu wakapata kujua maua yanayoota karibu na barafu ya mlima huu. Mmoja katika mimea hiyo leo una jina la New: Helichrysum newii. Utautambua kwa maua yake meupe, makavu kama karatasi ukiyagusa, na huota juu sana, pahala ambapo mimea mingine imeshashindwa.

Basi kijana wa Nungwi akioneshwa picha, na aanze kwa kuuliza ilipigwa wapi. Ua dogo jekundu lenye manjano, lenye mkia uliopinda kama ndoano, lililopigwa ndani ya msitu wa chini, huenda ni Impatiens kilimanjari, ambalo haliko mlima mwingine wowote. Mmea mrefu kama mnara, unaoshika maji kati ya majani yake na kuyakunja usiku kwa baridi, ni Lobelia deckenii. Umepewa jina la von der Decken, Mjerumani aliyejaribu kupanda mlima mwaka 1861 na 1862.

Miaka ya mwisho ya Kirk hapa ilikuwa michungu. Kuanzia 1885 Wajerumani walidai bara, Kilimanjaro ikiwemo. Kirk alipata amri kutoka London asiwazuie, ikambidi amsukume Barghash akubali kupoteza nchi ambayo kwa miaka alimsaidia kuishika. Mwaka 1886 akaondoka Unguja.

Hata ua moja lilimponyoka. Mwaka 1884 alikuwa amepeleka Kew kielelezo cha ua la urujuani kutoka bara, lakini hakikutosha kulitambulisha. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta Usambara, akapeleka mbegu kwao, na mwaka uliofuata likaitwa Saintpaulia. Leo hupandwa madirishani dunia nzima, kwa jina la mtu wa pili.

Kirk alifariki Uingereza Januari 1922, akiwa na miaka 89. Jina lake limebaki kwa kima punju wa Jozani, ambaye kwa kitaalamu huitwa kirkii. Wapagazi na waongozaji waliojua njia na mimea ile kabla ya mgeni yeyote hawakupewa ua.

Kwa hiyo, ukienda mlimani au hata kichakani kwenu, usichume. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi. Piga picha ya ua, jani, na mmea mzima. Andika mahali na tarehe. Kisha muulize mzee wa pale analiitaje, na jina hilo uliandike kwanza.