Cameron apima Mto Lualaba

Verney Lovett Cameron alizaliwa Uingereza mwaka 1844. Alikuwa askari wa majini, na huko alijifunza kupima sawasawa.

Mwaka 1873 aliondoka Bagamoyo kwenda kumsaidia Livingstone. Msimamizi wa wapagazi wake alikuwa Bombay, Mwafrika aliyeuzwa utumwani utotoni. Walipokuwa Unyanyembe walisikia kwamba Livingstone amekwisha kufa. Susi na Chuma walikuwa wakipeleka maiti yake pwani. Cameron hakurudi. Aliendelea mbele, na mwaka 1874 alifika Nyangwe kando ya mto Lualaba. Ndio mto ule ule upitao Bukama, katika jimbo letu.

Siku zile watu wa Ulaya hawakujua mto huo unakwenda wapi. Livingstone alidhani ni Nili. Cameron hakutaka kubahatisha. Alikuwa na kipimajoto cha kutia katika maji yanayochemka. Pwani, maji huchemka kwa digrii 100. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, nayo maji huchemka kabla ya kufika 100. Hivyo kipimajoto huonyesha kimo cha nchi. Lakini ukikosea digrii moja tu, umekosea kimo cha mita 300 hivi. Kwa hiyo Cameron alipima kwa uangalifu. Homa ilimshika mara nyingi, lakini hakuacha kazi yake.

Vipimo vilionyesha kwamba Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, mahali palipo kando ya Nili, mbali upande wa kaskazini. Maji hayapandi mlima. Basi Lualaba si Nili, sharti uwe mto Kongo. Mwaka 1877 Stanley aliufuata mpaka baharini, ikaonekana kwamba Cameron alipima vema.

Kwa kuwa hakupata mitumbwi Nyangwe, Cameron alishika njia ya kusini, akafika katika nchi ya Baluba kwa mfalme Kasongo Kalombo. Alikaa huko miezi mingi. Safarini aliona wanawake waliofungwa kamba, wakipelekwa kuuzwa. Alihuzunika sana. Mwezi wa Novemba 1875 alifika bahari ya magharibi, mgonjwa na amechoka. Aliporudi kwao aliwaeleza watu ubaya wa biashara ya watumwa. Alikufa mwaka 1894.

Watoto, mtu akibahatisha hupotea na kupoteza wenzake. Tupime kwanza, ndipo tuseme.