Maisha ya John Gould, Mjuzi wa Ndege

John Gould alizaliwa mwaka 1804 katika mji wa Lyme Regis, Uingereza. Baba yake alikuwa mtunza bustani, na John naye alifundishwa kazi hiyo katika bustani za mfalme huko Windsor. Chuo kikuu hakukiona. Lakini alijifunza ufundi wa kuchuna ndege waliokufa na kuzijaza ngozi zao hata waonekane kama wazima. Kwa ufundi huo, mwaka 1827 Chama cha Elimu ya Wanyama cha London kilimpa kazi ya kutunza makumbusho yake.

Mwezi wa Januari 1837 Charles Darwin, aliyesoma Cambridge, alikileteа chama hicho ndege aliowakusanya mwaka 1835 katika visiwa vya Galapagos. Visiwa hivyo viko katika Bahari ya Pasifiki, penye mstari wa ikweta, ule ule upitao Uganda na Kenya. Ndege wengine walikuwa na midomo minene ya kuvunjia mbegu ngumu, wengine midomo myembamba ya kuokotea wadudu. Kwa hiyo Darwin alidhani kuwa ni wa jamii mbalimbali. Gould hakutazama mdomo peke yake. Alipima mabawa, mikia na miguu. Baada ya siku chache tu akatangaza kwamba wote ni ndugu: ni chiriku wa kundi moja geni, lenye aina nyingi.

Basi ikatokea shida. Darwin hakuwa ameandika kila chiriku alitoka kisiwa gani. Ikambidi atafute ndege wa Kapteni FitzRoy na wenzake wa merikebuni, ambao waliandika mahali. Jambo hilo lilimfikirisha sana, na mwaka 1859 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya asili ya viumbe.

Picha za chiriku hao zilichorwa na Elizabeth, mke wa Gould, aliyefariki mwaka 1841. Gould mwenyewe alifariki mwaka 1881. Siku hizi wataalamu wamewahamisha ndege hao katika jamii iitwayo Thraupidae, lakini udugu aliouona Gould haujapingwa.

Wanafunzi wenzangu, mtoto wa mtunza bustani alimsahihisha msomi kwa kutazama vizuri. Nasi tukiokota jani au mdudu kwa somo letu, tuandike siku ile ile tumemwokota wapi.