Kamau na Mkanda wa Kimaasai

Ukifika Lodwar uliza Nyumba ya Kenyatta iko wapi, hata mtoto atakuelekeza. Wengi wetu tumepita hapo, tukasema Mzee alifungwa na Mwingereza, basi, tukaendelea na safari. Mimi leo nataka kuwasimulia habari za nyanya yake.

Sababu yangu naisema mapema. Mama yangu ni Mturkana wa Kalokol na baba ni Mluhya. Kila nikijaza fomu, pale penye neno kabila kalamu inasimama. Baba husema andika Mluhya, mtoto ni wa baba. Lakini Kiluhya chenyewe sikijui! Na wenzetu wa Kakuma, ambao baba na mama wametoka nchi mbili tofauti, wao hata nafasi ya kuandika haitoshi.

Sasa tuje kwa Mzee. Alizaliwa Gatundu katika miaka ya 1890. Tarehe haijulikani, kwani siku hizo nani aliandika? Aliitwa Kamau, mwana wa Muigai na Wambui. Babake alipofariki, Wambui alirithiwa na Ngengi, nduguye marehemu, ndiyo maana kijana akaitwa Kamau wa Ngengi. Babu yake, Kungu wa Magana, alikuwa mganga, na Kamau alikuwa akimsaidia kazi hiyo. Na nyanya yake wa upande wa baba alikuwa Mmaasai.

Msishangae. Wakikuyu na Wamaasai wa mpakani walipigana, ni kweli, lakini pia waliuziana vitu na kuoana. Mwisho wa karne ya 19, sotoka ilipomaliza ng'ombe na njaa ikaingia, jamaa nyingi za Kimaasai zilikimbilia kwa Wakikuyu. Hata tohara ya Wakikuyu ilikuwa na njia mbili, na moja iliitwa Ukabi, yaani ya Kimaasai. Kumbe kabila lenyewe lilikuwa na milango miwili! Lakini mila ilisema mtoto hufuata baba, kwa hivyo Kamau akawa Mkikuyu kamili, hakuna aliyemwuliza.

Mwaka 1909 aliingia shule ya misheni ya Thogoto, akabatizwa mwaka 1914. Kisha Vita Vikuu vya Kwanza vikafika, na serikali ikawa inakamata vijana kwa nguvu wakabebe mizigo ya jeshi. (Mtaa wa Kariokor wa Nairobi ulipata jina kwa wapagazi hao.) Mwaka 1917 Kamau akaenda Narok, akakaa na jamaa zake Wamaasai. Undugu na Wamaasai ulimfaa siku hiyo! Huko alijifunza desturi zao, akaanza kuvaa mkanda wa shanga uitwao kinyata. Aliporudi Nairobi, akafanya kazi ya kusoma mita za maji za baraza la mji, mkanda bado uko kiunoni. Jina likamganda, Kenyatta. Watu wengi hudhani lilitoka katika jina la nchi.

Mwaka 1938, akiwa London, alitoa kitabu chake kikubwa juu ya mila za Wakikuyu. Alipiga picha ya kitabu hicho akiwa na mkuki na joho la ngozi. Na jina lililoandikwa juu ya kitabu hicho cha Wakikuyu lilikuwa la mkanda wa Narok! Mwaka 1944 alipata mtoto kwa mke wake Mwingereza, Edna, akaitwa Peter Magana, jina la ukoo wa babu Kungu.

Alishikwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria miaka saba tarehe 8 Aprili 1953, akapelekwa Lokitaung. Kwa kuwa alikuwa mzee, kazi yake ilikuwa kuwapikia wafungwa wenzake. Kifungo kilipoisha mwaka 1959 hakuachiliwa, akaletwa hapa Lodwar, na mkewe Mama Ngina akamfuata. Jua la huku mnalijua wenyewe. Mwaka 1961 akahamishiwa Maralal, na mwaka huo huo akarudi Gatundu.

Sitaficha jambo moja. Mwaka 1969, yeye akiwa Rais, Wakikuyu wengi walipelekwa Gatundu kula kiapo kwamba utawala usitoke kwao. Nilipolisoma hilo nilimfikiria yule nyanya. Kama mlango ungefungwa hivyo zamani za Kungu, Muigai angezaliwa na nani?

Mzee alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Uwanja wa ndege wa Nairobi unaitwa kwa jina la mkanda ule, na nyumba iliyo hapa kwetu pia.

Fomu yangu ya mwaka huu bado sijairudisha kwa mwalimu.